Kupanda Mchongoma: Mhadhara juu ya Inveta za Mgongoni na Mapaa ya Mwanza

 

Nimeitwa nijibu swali ambalo vijana wa ufundi huniuliza kila ninapokutana nao: kati ya hizi inveta ndogo za sola zinazofungwa juu ya paa, nyuma ya paneli, ipi ni rahisi zaidi kufunga? Ni swali zuri, na jibu lake la haraka lingeenea nyuma ya risiti. Lakini wahenga walikwisha kutuonya sisi tunaopenda kupanda: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Basi leo nitazipima inveta hizi mara mbili. Kwanza zinapopanda, kisha zinaposhuka. Mtaona kwamba mshindi wa safari ya kwanza si lazima awe mshindi wa safari ya pili.

Kifaa chenyewe

Tuanze na kifaa, tusije tukagombania jina. Paneli ya sola hutoa mkondo mnyoofu, ambao mafundi tunauita DC. Friji, feni na taa za nyumbani zinataka mkondo geu, yaani AC, ambao kwetu ni volti 230 na hezi 50. Inveta ndiyo inayogeuza huo kuwa huu. Kwa mtindo uliozoeleka, paneli nane au kumi huunganishwa mfululizo kama shanga katika uzi mmoja, volti zao zikajumlishwa, kisha waya mbili zikashuka hadi kwenye inveta moja kubwa ukutani. Maikroinveta inafanya kazi ileile kwa paneli moja, mbili au nne tu, na inaifanyia kulekule juu, katika nafasi iliyopo kati ya paneli na bati. Mimi huiita inveta ya mgongoni, maana paneli inaibeba kama mama abebavyo mtoto. Kinachoshuka kutoka juu ni AC tayari.

Wazo hili si la jana. Waholanzi walikuwa wakiunda inveta za namna hii katika miaka ya 1990. Biashara yake ilichanganya baada ya kampuni ya Marekani, Enphase, iliyoanzishwa mwaka 2006, kuingiza sokoni inveta yake ya kwanza mwaka 2008. Leo wapo pia Hoymiles wa mji wa Hangzhou nchini China, wapo APsystems, wapo Deye. Hapa Mwanza kifaa hiki bado mgeni. Ukiingia katika maduka yetu ya sola utakachoonyeshwa kwanza ni inveta ya ukutani na betri yake pembeni. Lakini mgeni amekwisha kubisha hodi, na kabla ya kumkaribisha ni vizuri kujua analala wapi na anakula nini.

Kuna sifa moja ambayo nitampa mgeni huyu bila kinyongo. Paneli kumi zilizofungwa mfululizo zinaweza kufikisha volti 400 za DC na zaidi. Cheche ya DC ni mbaya kuliko ya AC. AC hupita kwenye sifuri mara mia kwa sekunde, na cheche yake hupata nafasi ya kuzimika. Ile ya DC haina pumziko, inaendelea kuunguza mpaka ikose cha kuunguza. Kwa inveta ya mgongoni, DC haivuki paneli moja, kwa kawaida chini ya volti 60, na safari yake ni waya wa urefu wa mkono. Kijana anayejifunza kazi, akiteleza kwa bahati mbaya, heri ateleze hapo.

Safari ya kupanda

Sasa tupande. Kipimo cha kwanza ni idadi. Chukua paa la paneli 12. Ukitumia aina ya paneli moja kwa inveta moja, kama IQ7 ya Enphase, utafunga inveta 12, kila moja ikiwa na uzito wa kilo moja hivi. Ukitumia aina ya paneli mbili, kama DS3 ya APsystems, utafunga sita. Ukichukua ya paneli nne, kama HM-1500 ya Hoymiles, utafunga tatu tu, ingawa kila moja inakaribia kilo nne. Kwa hesabu ya bolti na spana, ya paneli nne imeshinda. Muulize mtoto wa darasa la tatu naye atakujibu hivyohivyo.

Lakini paneli za siku hizi ni ndefu, nyingi zinakaribia au kupita mita mbili. Inveta ya paneli nne inakaa mahali pamoja, na waya zake lazima zifike kwenye paneli zote nne. Zisipofika, fundi anaunga. Kila kiungo kimoja kina viunganishi viwili vya MC4, na kila kiunganishi kinahitaji kubanwa kwa koleo lake maalumu, siyo plaiazi. Halafu viunganishi vya viwanda viwili tofauti huingiana vizuri tu machoni, huku ndani vyuma havikugusana sawasawa. Joto huanzia hapo. Kwa hiyo inveta tatu zilizotuokolea bolti zinaweza kutudai viungo vya ziada kumi na kitu. Urahisi haukupotea, umehamia mahali pasipoonekana.

Kipimo cha pili ni kebo ya AC. Kuna mitindo miwili. Mtindo wa kwanza ni wa kushikana mikono: kila inveta ina mkia wa kuingilia na mkia wa kutokea, unachomeka hii kwenye ile hadi mwisho wa safu. Mtindo wa pili ni wa kebo mama: kebo moja ndefu inalazwa kwenye reli zinazobeba paneli, ina matundu kila baada ya umbali fulani, na kila inveta inachomekwa kwenye tundu lake kama ndama kwenye chuchu. Enphase walianza na kushikana mikono, na mwaka 2011 wakahamia kebo mama.

Kushikana mikono ni kwepesi kuelewa na hakuna kebo ya ziada ya kununua. Kebo mama inataka upige hesabu kabla ya kuagiza, kwa sababu umbali kati ya matundu umepangwa kiwandani: kuna ya paneli zilizosimama na kuna ya paneli zilizolala. Ukiagiza ya kulala na paa lako linataka zisimame, utakuwa na kebo iliyojikunja chini ya kila paneli kama nyoka aliyeshiba. Na tundu usilolitumia lazima lizibwe kwa kifuniko chake cha kiwandani. Siyo kwa selotepu. Nasema hivi kwa sababu nimeiona selotepu.

Kipimo cha tatu ni ethi, yaani kuunganisha vyuma vya mfumo na ardhi. Hapa Mwanza tuna neno la kusema kuliko watu wa miji mingine. Tumejenga juu ya majabali. Fundi wa Morogoro anapigilia chuma cha ethi kwenye udongo, dakika kumi amemaliza. Kwetu, Mabatini, Igogo, Bugando au Isamilo, unapiga nyundo mara tatu, ya nne inakurudishia mkono hadi begani. Chini ni graniti. Graniti inazuia umeme mara nyingi zaidi kuliko udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, kwa hiyo hata ukikipenyeza chuma kwenye ufa, mita ya ethi inakusomea namba ya kutia aibu. Njia ya kweli ni kuchimba mfereji, kulaza ukanda wa shaba kwa urefu, ikiwezekana kuufuata hadi chini kwenye bonde lenye udongo. Hiyo ni kazi ya siku nzima, na haimo kwenye video yoyote inayoonyesha jinsi ya kufunga inveta kwa robo saa.

Katika hili inveta hazifanani. Zile za zamani zenye ganda la metali zilidai waya wa ethi kwa kila moja. Hoymiles na APsystems nyingi za leo bado zina metali, lakini ethi inapita ndani ya kebo ileile ya AC, huhitaji waya wa pembeni. IQ7 ya Enphase ina ganda la plastiki lenye kinga maradufu, yenyewe haidai ethi kabisa. Msidanganyike hapo, wanafunzi. Inveta haidai, lakini fremu za paneli ni alumini, reli ni alumini, na bati ni chuma, vyote vikiwa juu ya nyumba iliyo kando ya ziwa ambalo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Usiku mawingu yananguruma ziwani, mchana yananguruma nchi kavu. Ethi ya fremu haina msamaha, na kinga ya mishtuko ya radi kwenye meni swichi haina msamaha.

Kipimo cha nne ni mazungumzo. Inveta hizi huripoti kila moja imezalisha kiasi gani, na ripoti inapokelewa na kisanduku kimoja ndani ya nyumba, kikaituma kwenye simu kupitia intaneti. Enphase hupitisha ripoti ndani ya waya uleule wa umeme. Hoymiles na APsystems nyingi hutumia redio. Kwenye makaratasi redio ni rahisi: hakuna waya wa kuvuta. Lakini redio iko juu ya bati na kisanduku kiko chini ya bati, na bati ni ukuta kwa redio. Kisanduku ulichokiweka sebuleni karibu na televisheni kinaweza kusikia inveta mbili kati ya sita. Dawa yake ni kukihamishia barazani au dirishani, mahali kinapoona mbingu. Ya waya nayo ina ugonjwa wake: chaja za bei poa na baadhi ya taa huchafua waya kwa kelele, ripoti ikafika nusunusu. Habari njema ni kwamba inveta nyingi huendelea kuzalisha hata kisanduku kikikosa bando. Habari mbaya nitaisema tukianza kushuka.

Jua letu na mawe yetu

Kabla ya kushuka, tujiulize kama tulihitaji kupanda. Wauzaji wa ng'ambo wanasema inveta za mgongoni ni bora kwa paa lenye nyuso nyingi, kwa kuwa kila paneli inajitegemea. Kule Ulaya ni kweli: upande wa kusini unavuna, wa kaskazini unasinzia. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la mchana liko kaskazini mwa Mwanza, miezi mingine liko kusini. Kwenye paa lenye mteremko wa kawaida, pande zote mbili zinakula kwa zamu. Hoja inayouza kifaa hiki Hamburg hapa inapungua nguvu.

Iko hoja nyingine ambayo kwetu ina nguvu kuliko kule, nayo ni mawe. Nyumba ngapi hapa mjini zimejibanza chini ya jabali lililo kubwa kuliko nyumba yenyewe? Jabali halihami. Saa tatu asubuhi kivuli kiko kwenye paneli mbili za mashariki, saa kumi jioni kiko upande wa pili. Katika mfululizo wa shanga, paneli iliyofunikwa inaweza kuwashusha wenzake wote. Kwa inveta ya mgongoni, aliyefunikwa analala peke yake. Ongeza na njia zetu: nyumba nyingi za kilimani hazifikiwi na gari, mzigo hupanda ngazi za mawe kwa bega la mtu. Inveta ya kilo moja inaingia kwenye begi la shule. Kwa nyumba ya namna hii, mgeni wetu amekuja mahali pake.

Umeme ukikatika

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wateja wengi wanapolia. Maikroinveta ya kawaida haizalishi umeme peke yake. Inasikiliza gridi kwanza, ikiikuta iko sawa inajiunga nayo. Gridi ikikatika, nayo inazima papo hapo, hata kama jua linachoma utosi. Haijaharibika. Imeundwa hivyo kwa makusudi, ili fundi wa TANESCO aliyepanda nguzo akidhani laini imekufa asiuliwe na paneli za jirani. Umeme ukirudi, inasubiri, kwa nyingine dakika moja, kwa nyingine tano, ndipo inajiunga tena. Na kama voltiji ya mtaa wenu inashuka jioni, mashine inajitoa na kusubiri upya kila mara.

Mtu aliyenunua sola kwa sababu ya mgao wa umeme, akafungiwa inveta za mgongoni peke yake, amenunua mwavuli unaojifunga mvua ikianza. Ujerumani wanaweza. Kule gridi hukatika kwa wastani wa dakika kumi na ushee tu kwa mwaka, na tangu mwaka 2024 sheria zao zinamruhusu mpangaji kutundika paneli kwenye roshani, akachomeka inveta isiyozidi wati 800 kwenye soketi, akajiandikisha, basi. Huo ndio urahisi wa kufunga uliofika kileleni. Lakini ni urahisi wa nchi ile. Kifaa hakikuubeba katika boksi lake. Sisi tumepata nafuu kubwa tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ianze kuzalisha mwaka 2024. Hata hivyo, laini ya mtaani ikidondokewa na tawi, megawati za bwawa hilo hazikufikii.

Kuna njia ya kuzioanisha na betri. Unaweka inveta ya betri inayojifanya gridi, zile za paani zikadanganyika na kuendelea kuzalisha. Betri ikijaa, inveta ya betri inapandisha hezi kidogo, na za paani zinaelewa kwamba imetosha, zinapunguza. Victron, kampuni ya Uholanzi, wana kanuni yao: nguvu ya sola iliyounganishwa kwa upande huo isizidi uwezo wa inveta ya betri yenyewe. Enphase nao mwaka 2021 walileta IQ8, inayoweza kuunda gridi yake yenyewe, lakini kwa msaada wa swichi maalumu ya kuitenga nyumba na laini ya nje. Yote haya yanawezekana. Ila ukifika hapo, usiniambie tena habari ya urahisi. Umekwisha kuwa na mifumo miwili ndani ya nyumba moja, na fundi anayeielewa yote miwili hapatikani kila kona.

Na kuna LUKU. Mita nyingi za malipo ya kabla hazikuundwa kutofautisha umeme unaoingia na unaotoka. Ziko zitakazohesabu ziada unayoitoa kama umeitumia, ukalipia jua lako mwenyewe. Ziko zitakazodhani unachezea mita, zikajifunga. Kanuni za mwaka 2018 zinamruhusu mteja mwenye mtambo wa hadi megawati moja kubadilishana umeme na gridi, kwa mkataba na kwa mita inayosoma pande zote mbili. Anza na karatasi hiyo, na fundi awe na leseni ya EWURA. Kifaa kinachochomekwa kirahisi ndicho kinachowashawishi watu kuruka hatua hii.

Safari ya kushuka

Nimefika kwenye ngoma yenyewe. Miaka michache iliyopita nilisaidia kufunga paneli 12 kwenye nyumba moja kilimani. Safu tatu za paneli nne, zimebanana vizuri, zinapendeza hata ukiziangalia kutoka barabarani. Chini yake inveta sita za aina ya paneli mbili, kwenye kebo mama. Tulimaliza kwa siku mbili. Mwenye nyumba alitupikia sato, tukapiga picha.

Masika ya pili ilipopita, inveta moja ikanyamaza. Ipi? Kisanduku kilikuwa hakina intaneti kwa miezi mingi, hakuna aliyejua. Hiyo ndiyo habari mbaya niliyoahidi: bila ripoti, inveta sita zilizo sawa na tano zilizo sawa zinafanana machoni. Stika za namba ambazo kila inveta huja nazo, ili uzibandue na kuzibandika kwenye ramani ya paa, tulizibandika kwenye karatasi, na karatasi ilibaki kwenye gari la mtu ambaye sasa yuko Kahama. Tukapanda na mita ya kupimia, tukapima safu moja baada ya nyingine. Ilikuwa safu ya kati.

Ili mkono ufike safu ya kati ilibidi kufungua paneli tano. Bolti za klampu zilikuwa za chuma cha pua, zilikazwa kavu bila grisi, mbili zikashikana na nati hadi zikakatika. Chini ya paneli tulikuta majani makavu ya kiota, mavi ya ndege na unga mweusi wa wadudu wa ziwani, wale wanaotoka kama moshi na kuganda kwenye kila kitu. Vyote vimekaa juu ya inveta na kuifanyia blanketi mahali ambapo bati peke yake tayari ni tanuri. Kisha kiunganishi. Kilitaka ufunguo mdogo wa plastiki wa kiwanda, unaokuja ndani ya boksi, nasi tuliuchoma pamoja na maboksi. Tukatumia bisibisi. Kishikizo cha kiunganishi kikavunjika.

Bado hatujamaliza. Muuzaji, ambaye sitamtaja, alitujibu kwa upole kwamba modeli ile imeacha kutengenezwa, na mpya ina kiunganishi cha umbo jingine kisichoingia kwenye kebo mama yetu. Ilichukua miezi mitatu kupata iliyotumika kutoka mkoa mwingine. Siku mbili kufunga vyote, miezi mitatu kubadili kimoja. Na dhamana? Viwanda vingine hutangaza miaka mingi, hata 25. Lakini dhamana inalipa kifaa. Hailipi paneli tano, bolti mbili, mtu wa kushika ngazi, wala siku ya fundi.

Tulinganishe sasa upya. Kwa kushikana mikono, ukiondoa mmoja katikati, wote walio nyuma yake wanakatika mpaka uweke daraja. Kwa kebo mama, ukiondoa mmoja wengine wanaendelea. Ya paneli nne ikifa, umepoteza theluthi ya paa letu la paneli 12. Ya paneli moja ikifa, umepoteza sehemu moja ya kumi na mbili, unaweza kusubiri kiangazi ukapanda kwa raha zako. Inveta ya ukutani ikifa, giza tupu, lakini iko kifuani pako, huhitaji hata ngazi. Kila mmoja ana deni lake.

Karabai na Ukara

Wavuvi wa dagaa walitufundisha jambo hili la matengenezo kabla ya sola. Kwa miongo mingi walitumia karabai katika usiku wa giza. Karabai ilikuwa na kelele, ilikula mafuta, ilipasuka kioo. Lakini kila mwalo ulikuwa na mtu wa kuifungua: washa ya ngozi ya pampu ikikauka alikata nyingine kutoka kwenye kiatu kuukuu. Zilipokuja taa za betri na sola, zilikuwa bora kwa kila kipimo isipokuwa kimoja: ziligandishwa kwa gundi. Zikifa, zinatupwa.

Nendeni pia kisiwani Ukara. Mwaka 2016 kijiji cha Bwisya kilianza kupata umeme wa sola wa kampuni ya JUMEME, ambayo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, hapa kwetu Malimbe, kilikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Walianza na paneli za kilowati 60. Kipuri kinahitaji kuvuka maji ili kifike kisiwani, na kivuko hakikusubiri. Kwa hiyo betri na inveta ziliwekwa chini, ndani ya nyumba ya mitambo, mahali fundi anapofungua mlango akaingia. Mtu aliyewaza safari ya kipuri hawezi kuweka mashine mahali pa kupanda.

Hukumu

Mlinitaka nitaje ipi. Nitataja, nisionekane nimekimbia.

Kwa nyumba ya gridi inayotaka taa umeme ukikatika, jibu ni inveta ya ukutani na betri yake. Usipoteze muda mgongoni. Kwa kisiwa kisicho na laini, vilevile. Kwa duka, ofisi, shule au kliniki inayotumia umeme mchana, iliyo kwenye laini tulivu, yenye mkataba wa mita, na hasa yenye jabali linaloleta kivuli, inveta ya mgongoni inafaa. Ya paneli mbili kwenye kebo mama ndiyo njia ya kati: viungo vichache kuliko ya paneli nne, idadi ndogo kuliko ya paneli moja. Ya paneli moja ndiyo safi kuliko zote, kama mfuko unaruhusu na mvumilivu wa kufunga 12 yupo. Ya kushikana mikono naiacha kwa paa la paneli mbili au nne.

Lakini juu ya chapa zote naweka mpangilio. Acheni njia ya fundi. Msipange safu tatu zilizobanana kama tulivyofanya sisi. Pangeni mbili, acheni upana wa mtu, ndipo mbili nyingine, ili kila inveta ifikiwe kwa mkono bila kufungua paneli ya jirani. Pakeni grisi kwenye bolti. Bandikeni ramani ya stika ndani ya mlango wa meni swichi, isiweze kwenda Kahama. Nunueni inveta moja ya akiba na viunganishi viwili siku ileile ya ununuzi, kabla modeli haijafa. Ule ufunguo wa plastiki ufungeni kwa uzi papo hapo kwenye ramani.

Na wewe mwenye nyumba, nakuachia kipimo kimoja kisichohitaji elimu ya umeme. Siku kazi inapokamilika, kabla hujatoa pesa, mwambie fundi achague inveta iliyo katikati kabisa ya paa, azime sakiti breka yake, aifungue, aishushe uishike mkononi, kisha airudishe na kuiwasha. Akimaliza kwa nusu saa, mlipe na umpe ya soda. Akikuambia kwamba hiyo haiwezekani mpaka avunje kazi yote, basi kazi hiyo haijaisha. Usimlipe.